Sekunde Saba

Tuliipa jina Muisti, yaani kumbukumbu,
programu iliyoletwa Januari, theluji ikitufika magotini,
ipite kimya ndani ya soga zetu, kalenda, barua pepe,
michoro ya milango, majedwali ya majaribio,
na kila lilipoanguka neno "basi, tufanye hivyo"
iliokote, iligongee tarehe, iliunganishe na mwenzake.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Sisi tulikuwa tumepoteza nyingi.
Mwaka juzi tulibishana wiki tatu juu ya rangi ya kitufe cha dharura,
tukaamua,
kisha Jouko akaufukua uamuzi uleule,
wa mwaka mmoja nyuma, kwa maneno yaleyale,
na chini yake dole gumba langu mwenyewe.
Nilicheka. Aarne hakucheka. Aarne alinunua Muisti.

Hapa Tampere tunatengeneza ubongo wa lifti.
Si kamba, si chuma: ule ubongo mdogo
unaopanga mlango ungoje muda gani
kabla ya kumfungia mtu njia.
Wetu hungoja sekunde saba.

Jumanne Aarne akaandika: Kwa nini saba?
Mteja wa Hamburg anataka nne.

Muisti haikumeza hata mate. Ikamwaga:
kikao cha tarehe kumi na nne Novemba, dakika ya thelathini na moja, "saba, imepita";
tiketi namba 2216, imefungwa na Jouko kesho yake;
maoni pembeni mwa mchoro, rangi ya kijani, "7, T.";
ujumbe wa saa tisa alasiri, "sawa",
madole gumba matano na paka anayepiga ngoma.
Mistari ya buluu ikatoka huku ikaenda kule,
viungo ishirini na sita, nilivihesabu,
na chini kabisa, kwa herufi za kijivu:
Sababu: haikupatikana.

Taimi, mgeni wetu, miezi miwili kazini,
akauliza bila ubaya wowote: T. ni nani?

T. ni Tellervo.
Alikaa pale ilipo printa sasa.
Na sababu ilikuwa kiungo kweli, ila si cha buluu:
goti lake la kushoto,
lililolia kama bawaba kavu kila alipoinuka.
Siku ile mashine ya kahawa ilikufa
tukawa tunashuka kutafuta ya ghorofa ya chini,
yeye keki ya mdalasini mkono huu, fimbo mkono ule.
Lifti ikamfungia usoni. Mara mbili.
Hakutukana. Alisema, Hesabuni.
Akarudi nyuma mpaka ukutani, akaanza kutembea,
nasi wahandisi watano, watu na vitambi vyao,
tukahesabu kwa sauti kama watoto wa chekechea.
Kwenye saba alikuwa ndani,
makombo kwenye sweta.
Hakuna aliyeandika. Angeandika nani?
Mikono yetu ilikuwa na keki.

Alistaafu Mei. Oktoba tukamzika.

Nimefungua kile kisanduku cha kijivu.
Naandika: goti. Nafuta.
Naandika: Mtumiaji mwenye shida ya kutembea, umbali wa mita nne na nusu.
Ni kweli tupu, na Tellervo hayumo.
Nafuta.
Jouko ananitazama toka mezani kwake.
Hasemi kitu. Anainua vidole saba.

Basi nikaandika yote, kahawa, fimbo, mdalasini,
hata vitambi.
Muisti ikasoma kufumba na kufumbua, ikauliza:
Je, huu ni uamuzi?
Ndiyo. Hapana. Nikumbushe baadaye.

Hamburg wanataka jibu kabla ya saa kumi.
Kidole changu kiko juu ya Ndiyo, hakijashuka.
Wangoje.
Moja.
Mbili.